Kuifuata timu ugenini: basi la mashabiki, treni au gari lako?

Mtu anayetaka kuifuata timu yake ugenini kwa mara ya kwanza huniuliza aende na usafiri gani. Kwenda hakuna shida. Asubuhi kila usafiri ni mzuri: nguvu zipo, matumaini yapo, na hakuna aliyefungwa bado. Mimi humuuliza atarudije. Saa hizo amechoka, giza limeingia, timu yake huenda imechapwa, na maelfu ya watu waliovaa rangi isiyo yake wanaelekea stesheni ileile anayoelekea yeye. Hapo ndipo basi la mashabiki, treni na gari binafsi vinapoachana kabisa, na hapo ndipo unapojua kama ulifanya vizuri kukaa jukwaa la wageni au kujichanganya na wenyeji.

Njia zote tatu nimezitumia, na majukwaa yote mawili nimeyakalia. Ninazungumzia safari ya siku moja: unatoka nyumbani alfajiri, unatazama mpira, unarudi kulala kwako. Wapo mashabiki ambao hilo haliwezekani kwao hata kidogo. Shabiki wa Perth Glory ya Australia akiifuata timu yake kwa Wellington Phoenix ya New Zealand, na hizo zinacheza ligi moja, anavuka zaidi ya kilomita 5,000 kwenda tu. Huyo ana hesabu zake za ndege na hoteli. Hapa ninamzungumzia mwenye uwanja wa ugenini ulio umbali wa saa mbili hadi sita.

Kabla ya yote, angalia kama kweli una nafasi ya kuchagua. Kuna mechi ambazo mgeni hachagui chochote. Uholanzi, mechi ikionekana kuwa na hatari, tiketi ya mgeni huuzwa pamoja na usafiri: unapanda basi au treni iliyopangwa, unashushwa getini, unarudishwa ulikotoka, na ukijitokeza na gari lako huingii. Ajax na Feyenoord zilikwenda mbali zaidi, kwani tangu 2009 mechi zao zimekuwa zikichezwa bila mashabiki wa upande wa ugenini. Brazil, katika jimbo la São Paulo, mechi za watani wa jadi huchezwa mbele ya mashabiki wa mwenyeji tu tangu 2016. Argentina ilifunga mlango wa wageni kwa ujumla mwaka 2013, na haikuanza kuufungua kidogo kidogo hadi 2025. Kwa hiyo soma kwanza tangazo la klabu yako kuhusu mechi hiyo, mstari kwa mstari, ndipo uanze kulinganisha.

Basi la mashabiki

Katika msafara ninaosafiri nao kuna mama mmoja anayetunza daftari. Ni daftari la shule la mistari, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kila mtu anayepanda basi jina lake linawekewa alama. Tukisimama njiani kuchimba dawa, anahesabu tena. Baada ya mechi anasimama kwenye ngazi ya mlango, mwanga wa taa ya ndani ukimwangukia mgongoni, na kila anayepanda anaguswa begani na kutiwa alama ya tatu. Siku moja alama zilipungua mbili. Basi lilikaa pale dakika 40, injini imezimwa, mpaka baba na mwanawe walipotokea wakiwa wametokea geti lisilo lao. Hakuna aliyewasema. Mtu mmoja aliwapa maji, dereva akawasha gari, tukaondoka.

Sababu yangu kubwa ya kumshauri anayeanza safari za ugenini aanze na basi ni hiyo: basi linakusubiri. Treni haikusubiri, na gari lako haliwezi kujua kuwa umepotea njia. Na kwa kawaida mabasi ya mashabiki hupangiwa sehemu ya kuegesha karibu na geti la wageni, mara nyingi polisi wakiwa pembeni, kwa hiyo kutoka kwenye kiti chako hadi kwenye kiti cha basi ni mwendo mfupi ambao huupiti peke yako. Katika nchi nyingi wageni huzuiliwa jukwaani baada ya kipenga cha mwisho hadi wenyeji watawanyike. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa nzima. Aliyekuja na basi hukaa akaimba au akapiga soga. Aliyekuja na treni anatazama saa.

Kuna kingine ambacho hakiandikwi kwenye ratiba. Nyimbo za ugenini hufundishwa ndani ya basi. Unaweza kuwa umeishabikia timu miaka 10 ukiwa kwenye televisheni na usijue ubeti wa pili wa wimbo wowote. Saa tatu za barabarani zinatosha kukufundisha yote, na ukifika jukwaani unajikuta ni mwenyeji wa jukwaa hilo hata kama hujawahi kuliona. Kwa mtu anayesafiri peke yake, hiyo ndiyo thamani ya nauli.

Ubaya upo, nao si mdogo. Muda si wako. Basi linaondoka alfajiri kwa sababu yule anayeishi mbali zaidi na uwanja ameshapiga hesabu ya msongamano, na ukichelewa dakika tano unawachelewesha watu 50. Mji wa wenyeji hutauona. Utaona barabara kuu, maegesho na ukuta wa uwanja. Wakati mwingine polisi huushikilia msafara nje ya mji na kuuingiza dakika za mwisho, ukakosa hata kuwaona wachezaji wakipasha. Anayependa bia njiani naye ajue sheria za anakokwenda. Uingereza, sheria ya 1985 inakataza pombe ndani ya mabasi yanayopeleka watu mpirani, na aliyelewa ndani ya basi hilo ana kosa pia. Msimamizi wa msafara akikunyang'anya chupa, anayalinda mabasi yote ya safari zijazo.

Halafu kuna kurudi baada ya kipigo. Basi zima kimya, taa zimezimwa, simu zinamulika nyuso. Wengine hawaiwezi hali hiyo. Mimi naiona afadhali kuliko kuwa katikati ya watu wanaosherehekea nilichokipoteza.

Treni

Treni ndiyo safari nzuri kuliko zote kama mambo yatakwenda sawa. Unanyoosha miguu, unakaa meza moja na watu usiowajua na baada ya vituo viwili mnabishana kuhusu beki wa kushoto kama ndugu. Unashuka katikati ya mji. Unatembea hadi uwanjani kwa miguu, na kuutembelea mji wa watu kwa miguu siku ya mechi ni raha ambayo abiria wa basi haijui: mitaa inaanza kubadilika rangi, skafu zinaongezeka kila kona, kelele za uwanja zinasikika kabla hujauona. Ujerumani wameirahisishia safari hii hata zaidi, kwa kuwa klabu nyingi huuza tiketi ya mechi ambayo siku hiyo ni tiketi ya usafiri wa umma wa eneo hilo pia.

Tatizo ni kwamba mpira haufuati ratiba ya reli. Wengi hukata tiketi ya kurudi kwa hesabu ya dakika 90 na mapumziko ya 15. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Tangu Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, waamuzi wamekuwa wakihesabu muda uliopotea kwa ukali zaidi. Mechi ya England na Iran kwenye mashindano yale, kipindi cha kwanza pekee kiliongezwa dakika 14. Weka na ukaguzi wa VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video. Weka na mechi ya mtoano inayoweza kwenda dakika 30 za ziada na penalti. Kisha weka kule kuzuiliwa jukwaani nilikokutaja.

Hilo lilinipata. Treni yangu ya mwisho ilikuwa dakika 75 baada ya muda ambao mechi ilitakiwa kumalizika, na niliona huo ni muda wa kutosha kabisa. Mechi ilichelewa kumalizika kwa dakika 9. Tulizuiliwa 35. Geti lilipofunguliwa watu wote tuliminywa kwenye njia moja iliyozungushiwa vyuma, tukienda hatua za mtoto, na nilipofika juu ya daraja la stesheni niliona taa nyekundu za behewa la mwisho zikipotea kwenye kona. Nilikaa kwenye benchi la chuma hadi alfajiri, jezi chini, koti juu, zipu hadi kidevuni kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya kuificha rangi. Sikuibiwa wala sikuguswa. Lakini usiku ule nilijua kuwa kosa lilikuwa la tiketi niliyoikata wiki mbili kabla.

Tangu hapo nina kanuni: treni inayoondoka chini ya saa mbili baada ya kipenga kinachotarajiwa siikati, na mechi ya mtoano naipa saa tatu. Kama hakuna treni inayokidhi hapo, basi treni si njia ya mechi hiyo, hata kama nauli yake ni nusu ya basi.

Kuna na suala la televisheni. Mechi iliyopangwa Jumamosi alasiri inaweza kuhamishiwa Jumapili usiku kwa ajili ya matangazo. Basi la mashabiki hubadilisha siku bila maneno, kwa sababu lilikodiwa kwa ajili ya mechi. Tiketi ya treni ya bei nafuu, ile ya kukata mapema, mara nyingi hairudishwi. Ukitaka treni, subiri siku na saa ya mechi ithibitishwe, hata kama kusubiri huko kutakuongezea gharama.

Gari lako

Hapa nitakuwa mfupi. Gari linafaa kwa familia yenye watoto wadogo, kwa mzee, kwa mwenye ulemavu ambaye ngazi za basi zinamsumbua, na kwa anayeishi pembeni kiasi kwamba kulifikia basi kwenyewe ni safari. Klabu nyingi huwa na maegesho ya watu wenye ulemavu yanayoweza kuombwa mapema hata na shabiki mgeni. Andika barua pepe kwa klabu mwenyeji, usisubiri siku yenyewe.

Kwa wengine wote nasema gari ni njia ya kuikosa siku. Mwenye usukani haimbi njia nzima, hafumbi jicho wakati wa kurudi, na dakika ya 80 akili yake iko kwenye msongamano. Kilichonitisha zaidi ni usingizi. Baada ya kupiga kelele saa mbili na kuamka alfajiri, saa nne usiku barabarani mwili unadai haki yake. Kama hampo madereva wawili, msiende na gari. Kama mpo, liegesheni mwendo wa dakika 20 kutoka uwanjani, pua ikiwa imeelekea barabara ya kutokea mjini, na msiache skafu wala bendera ionekane kioo cha nyuma.

Jukwaa la wageni au katikati ya wenyeji?

Usafiri unaweza kuubadilisha dakika za mwisho. Kiti, hapana. Na kiti ndicho kinachoamua kama utakumbuka siku hiyo kwa furaha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jukwaa la wageni ni dogo kwa makusudi. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, katika mashindano ya klabu inamtaka mwenyeji awape wageni angalau asilimia 5 ya viti vya uwanja, katika eneo lao lililotengwa. Bundesliga ya Ujerumani ni asilimia 10. Ligi Kuu ya England ni viti 3,000, au asilimia 10 ya uwanja pale ambapo uwanja ni mdogo. Unaona hesabu yenyewe: kwenye uwanja wa watu 60,000, nyinyi ni konzi moja ya mchanga. Ndiyo maana tiketi hizi klabu huzigawa kwa wenye kadi za uanachama na waliosafiri mara nyingi zaidi, na shabiki mpya anaweza kusubiri msimu mzima kabla ya kupata moja. Bei angalau imedhibitiwa mahali fulani. Ligi Kuu ya England haimruhusu mwenyeji kumtoza mgeni zaidi ya pauni 30 tangu msimu wa 2016/17, na UEFA imeweka ukomo wa euro 50 kwa tiketi ya mgeni kwenye Ligi ya Mabingwa kuanzia msimu wa 2025/26.

Usitegemee kuona vizuri. Wenyeji hawampi mgeni kiti cha katikati. Mtakuwa kwenye kona, nyuma ya goli, au juu kabisa. St James' Park ya Newcastle inajulikana kwa hilo: wageni hupandishwa mikondo 14 ya ngazi hadi kilele cha jukwaa, na kutoka kule wachezaji wanaonekana kama punje za mtama. Mwenye magoti mabovu aulize kabla. Pia jukwaa la wageni husimama. Hata pale ambapo kila mtu ana kiti chenye namba, ukikaa utatazama migongo dakika 90.

Lakini goli likiingia! Goli la ugenini, mbele ya watu elfu 57 walionyamaza ghafla, na nyinyi elfu tatu mkawa ndio sauti pekee uwanjani: sijui kitu kingine katika ushabiki kinachofanana na hicho. Unakumbatiwa na mtu usiyemjua jina. Mguu wako uko kwenye kiti cha mbele, skafu yako imezunguka shingo ya mtu mwingine. Kule upande wa pili uwanja mzima umeganda, na kelele zenu zinagonga paa na kurudi.

Sasa linganisha na siku niliyokaa na wenyeji. Tiketi za wageni zilikwisha, rafiki akanipatia kiti jukwaa la katikati. Niliona mpira vizuri kuliko siku yoyote: nilisikia kocha akimwita winga, niliona nyasi zikiruka beki alipoteleza. Dakika ya 71 timu yangu ikafunga. Nilibana viganja vyangu chini ya mapaja, nikauma ndani ya shavu, nikatazama ubao wa matokeo kama mtu anayesoma tangazo. Bwana aliyekaa kulia kwangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa ananitolea karanga kwenye mfuko wake, aligeuka akanitazama mara moja, kisha akayarudisha macho uwanjani. Nadhani alijua. Hakusema neno, na mechi ilipokwisha alinipa mkono. Nilipata muungwana. Angeweza kuwa mtu mwingine, na klabu nyingi zina kanuni inayoruhusu kumtoa nje mgeni anayegundulika upande wa wenyeji, tiketi yake ikiwa halali au la, kwa ajili ya usalama wake mwenyewe.

Kuna siku kujichanganya kuligeuka historia. Tarehe 14 Aprili 2022, Eintracht Frankfurt walikwenda Camp Nou kucheza na Barcelona robo fainali ya Europa League wakiwa na mgao wa tiketi kama 5,000. Wajerumani walionunua tiketi kwa njia nyingine, kwenye majukwaa ya wenyeji, walikuwa wengi kiasi kwamba makadirio ya siku ile yaliwahesabu kufikia 30,000. Uwanja uligeuka mweupe, rangi waliyovaa Wajerumani. Frankfurt walishinda 3-2, wakaenda kulitwaa kombe lenyewe, na rais wa Barcelona, Joan Laporta, akasema hadharani kuwa ameona aibu. Ni kisa kitamu kukisimulia, ila kisikupe ujasiri usio wako. Wale walikuwa maelfu kwa maelfu. Wewe utakuwa mmoja na karanga za watu.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu hautikisiki: kama una rangi ya timu moyoni na huwezi kuinyamazisha, jukwaa la wageni au ubaki nyumbani. Kwa wenyeji kaa pale tu unapokwenda na mwenyeji anayekufahamu, umevaa nguo zisizo na rangi ya upande wowote, na mechi si ya watani wa jadi wala haina uhasama wa zamani. Ukienda na mtoto, usijaribu kabisa. Mtoto hawezi kubana viganja chini ya mapaja goli likiingia, na hapaswi kufundishwa kufanya hivyo.

Popote utakapokaa, ukifika tu kabla hujanunua chochote, tafuta mlango wa kutokea wa pili. Silisemi hili kwa mazoea. Tarehe 1 Februari 2012 mashabiki wa Al Ahly walikuwa ugenini Port Said, Misri, timu yao ikafungwa 3-1 na Al Masry, na baada ya kipenga wenyeji wakavamia uwanja na kupanda jukwaa la wageni. Waliokimbilia njia ya kutokea walikuta geti limefungwa. Walikufa watu zaidi ya 70, wengi wao vijana. Ukiona geti la nyuma ya jukwaa lenu lina kufuli na hakuna msimamizi aliyesimama karibu na ufunguo, mwite msimamizi, sema kwa sauti, na waambie wenzako. Hiyo ni haki yenu, si usumbufu.

Mechi gani ya kuanzia

Mechi ya ligi, mchana, dhidi ya timu ambayo hamna ugomvi nayo. Imepangwa mapema, haina zile dakika 30 za ziada, na wenyeji wenyewe wametulia.

Mechi ya marudiano ya mtoano ni tamu zaidi lakini ngumu zaidi kwa msafiri, na hesabu zake hutegemea mashindano. UEFA iliifuta kanuni ya goli la ugenini (jumla ya magoli ya mechi mbili ikilingana, aliyefunga mengi ugenini anapita) kuanzia msimu wa 2021/22, kwa hiyo huko sare ya jumla inakwenda muda wa ziada na wewe unachelewa. Afrika iliendelea nayo: fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023, Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na USM Alger wakabeba kombe kwa magoli ya ugenini bila kwenda kwenye muda wa ziada wala mikwaju ya penalti. Waliosafiri na Yanga siku ile waliishuhudia timu yao ikishinda ugenini na kupoteza kombe papo hapo. Ukitaka kuanza ushabiki wa safari, usianzie na usiku wa namna hiyo.

Ningechagua hivi

Shabiki wa mara ya kwanza, peke yake: basi na jukwaa la wageni. Sibadilishi neno.

Wawili au watatu waliozoea, mechi ya mchana, treni ya mwisho iko mbali na kipenga: treni kwenda na kurudi, jukwaa la wageni, na jezi chini ya koti mpaka mkaribie uwanja. Kama treni ya kurudi ni ya mashaka, angalia kama basi la mashabiki linakubali abiria wa kurudi tu. Baadhi ya misafara hukubali ukiwaambia mapema, na hiyo kwangu ndiyo njia bora kuliko zote: asubuhi mji ni wako, usiku kuna mtu wa kukusubiri.

Mechi ya usiku katikati ya wiki, umbali wa zaidi ya saa nne: basi, au ulale hukohuko na urudi asubuhi. Kama utalala, fika kwenye chumba chako kabla ya mechi, acha mzigo, na jifunze njia kwa miguu mchana ili usiku usiitafute kwenye simu ukiwa umesimama kona na skafu shingoni.

Mzazi na mtoto: basi la mashabiki kama mtoto ana umri wa kuvumilia safari, gari kama hana, na madereva wawili. Tiketi za jukwaa la wageni, safu za chini pembeni ya ngazi, si katikati ambako watu husukumana goli likiingia. Mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino ndani ya mkono. Na kabla hamjashuka kwenye basi, mpeleke kwa mwenye daftari, mtoto amtajie jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, ili usiku ule mama huyo akigusa bega la mtoto mlangoni amjue ni nani.